Shanga na Mapambo ya Mwili ya Misri ya Kale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kazi yangu ni kutunga shanga. Miaka kadhaa sasa nimekuwa nikijaribu kuiga kazi za watunga shanga wa Misri ya kale, na kila nikionyesha kitu nilichomaliza, maswali huwa yaleyale. Nimeyakusanya hapa. Pale penye mengi nimekaa sana, na pale ambapo jibu ni fupi sikutaka kulivuta.

Kwa nini shanga, na si barakoa ya dhahabu ya mfalme Tutankhamun?

Waliozikwa na barakoa ya dhahabu ni wachache mno. Ushanga aliuvaa kila mtu: mtoto mchanga, mfinyanzi, askari, mke wa mfalme. Maiti pia alivishwa. Na hata hiyo barakoa, iangalie chini ya kidevu. Shingo na mabega yamefunikwa safu kwa safu za mawe na kioo cha rangi kilichopachikwa ndani ya dhahabu, na safu hizo zinaiga pambo la shanga. Fundi wa dhahabu alikuwa akimfuatisha mtunga shanga.

Shanga za zamani kabisa za Misri ni zipi?

Watu wa Badari, walioishi kusini mwa Misri karibu mwaka 4400 hadi 4000 KK, muda mrefu kabla ya Farao wa kwanza, tayari walikuwa na shanga ndogo za kijani na buluu zenye kung'aa. Walizichonga kwa jiwe la sabuni, jamaa ya lile linalochongwa Tabaka kule Kisii. Jiwe hilo ni laini kwa kisu, lakini likipita motoni huwa gumu. Walilipaka rangi yenye shaba, wakalichoma, likatoka na ganda kama la kioo. Katika kaburi moja la Mostagedda, mkanda wa shanga za namna hiyo ulikutwa kiunoni mwa mwanamume.

Ila zinazonigusa zaidi ni zile 9 za chuma za Gerzeh. Zilifukuliwa mwaka 1911 katika makaburi mawili ya karibu mwaka 3200 KK. Wamisri walikuwa bado hawajui kuyeyusha chuma, na kazi hiyo ingechukua zaidi ya miaka elfu mbili kuwafikia. Chuma kilitoka wapi basi? Vipimo vilivyotangazwa mwaka 2013 vilithibitisha kwamba kilitoka angani: ni chuma cha kimondo, chenye nikeli, cha aina moja na kile tunachokiona tukienda kutazama kimondo cha Mbozi. Fundi alikigonga hadi kikawa bati jembamba, akalikunja likawa bomba, kisha akalitunga uzi mmoja na akiki, dhahabu na lapisi lazuli, jiwe la buluu. Kimondo, na mtu akakifanya mkufu!

Fayansi ni nini hasa? Ni kioo au ni udongo?

Si kioo, wala si udongo wa mfinyanzi. Ni unga wa kwatsi, yaani mawe meupe magumu au mchanga safi uliosagwa, uliochanganywa na chokaa kidogo, shaba kidogo ya kutia rangi, na chumvi ya natroni au majivu ya mimea. Natroni ni ndugu wa magadi yetu. Ndiyo hiyohiyo iliyolipa jina Ziwa Natron huko Tanzania kaskazini, na Wamisri waliichota katika bonde la Wadi Natrun, magharibi ya mdomo wa Nile.

Mchanganyiko huo ukitiwa maji huwa mkaidi. Hauvutiki kama udongo wa mtungi: ukiukunja unapasuka, ukiubana sana unasambaa. Kwa hiyo ushanga mdogo ulifinyangwa kwa kuuzungushia ubua wa nyasi. Ulipochomwa, ubua uliungua na tundu likabaki.

Uzuri wenyewe uko katika kukauka. Maji yanapotoka, chumvi huyafuata na kujikusanya juu ya ushanga kama ukungu mweupe. Aliyeishi katika nyumba ya mawe ya pwani anaujua ukungu huo, ule unaotoka ukutani hata ukipaka chokaa mara tatu. Sasa ushanga ukiingia tanuri la nyuzi kati ya 800 na 1000, ukungu ule huyeyuka na kuwa ganda la kung'aa, buluu au kijani kwa nguvu ya shaba. Fundi hapaki rangi. Ushanga unajipaka wenyewe. Ukitaka kuhakikisha, tazama fayansi iliyovunjika: ndani ni nyeupe ya chengachenga kama sukari, na buluu yote iko katika ganda la nje.

Wamisri waliiita kwa neno lenye maana ya "kinachong'aa". Baadaye walitumia kalibu za udongo kutoa maua, majani na matunda madogo ya fayansi kwa wingi. Kule Amarna, mji wa mfalme Akhenaten, mwanaakiolojia Flinders Petrie alizikuta kalibu hizo kwa maelfu.

Mawe ya thamani yalitoka wapi?

Akiki nyekundu ilikuwa ya karibu, imetapakaa katika jangwa lao la mashariki. Dhahabu nayo ilitoka jangwa hilo na Nubia. Feruzi ilichimbwa Sinai, hasa Serabit el-Khadim, ambako wachimbaji walimjengea mungu wa kike Hathor hekalu na kumwita Bibi wa Feruzi. Amethisto, jiwe la zambarau, ilichimbwa Wadi el-Hudi, kusini mashariki ya Aswan. Lapisi lazuli ndiyo iliyosafiri zaidi: machimbo yake yako Badakhshan, katika milima ya Afghanistan ya leo, na shanga zake zimekutwa katika makaburi ya Misri ya kabla ya mwaka 3000 KK. Jiwe lilipita mikono mingi, soko hadi soko, mpaka likafika shingoni mwa mtu wa Nile asiyejua hata jina la milima ile.

Walitoboaje mawe magumu bila mashine?

Kwa keekee. Wanaokumbuka seremala wa zamani wa pwani wakivuta uta na keekee ikizunguka mle ndani ya mbao, hawahitaji kuelezwa zaidi. Mwanzoni ncha ilikuwa ya gumegume. Baadaye ilikuwa fito ya shaba au shaba nyeusi, ikisaidiwa na mchanga laini uliolowa. Kinachokata jiwe ni mchanga. Fito inausukuma tu.

Katika michoro ya makaburi ya Thebes, kama lile la waziri Rekhmire, fundi ameketi akivuta uta mmoja unaozungusha fito kadhaa kwa pamoja, kila fito juu ya ushanga wake. Jaribu kuipata picha hiyo mkononi: mkono wa kulia unakwenda na kurudi, wa kushoto unazikandamiza fito zote kwa uzito uleule, kwa maana ukizidisha upande mmoja, jiwe linapasuka na kazi ya asubuhi nzima imekwenda.

Waliozoea kazi walitoboa nusu kutoka upande huu na nusu kutoka upande wa pili. Ukiushika ushanga wa akiki wa kale mbele ya jua unaliona tundu lilivyo pana midomoni na jembamba katikati, na mara nyingi nusu mbili hazikukutana sawasawa. Mimi napenda sana kuiona kasoro hiyo, kwa sababu inanionyesha mkono wa mtu.

Kutunga ilikuwa kazi ya mafundi wengine. Katika kaburi la Mereruka huko Saqqara, la karibu mwaka 2300 KK, wanaoonekana wakitengeneza mapambo makubwa ya shingo ni wanaume wenye kimo kifupi cha kuzaliwa. Walipewa kazi ya heshima, karibu na dhahabu ya bwana mkubwa.

Weseki ni nini?

Ni pambo pana la shingo linalolala mabegani na kifuani kama nusu mwezi. Jina lenyewe lina maana ya "pana". Usilichanganye na mkufu: mkufu unaning'inia, weseki inafunika.

Imejengwa kwa safu za shanga ndefu za bomba zilizosimama wima, kila safu ikishikwa kwa uzi juu na chini, na mwishoni kabisa safu ya shanga zenye umbo la tone au jani. Ncha zake mbili huishia katika vipande viwili vya nusu duara, au vichwa viwili vya kipanga, ambamo nyuzi zote huingia na kukusanywa. Kwa kuwa shanga nyingi ni nzito na zote ziko mbele, weseki hupenda kuteremka kifuani. Dawa yake ilikuwa kipande cha uzito kinachoning'inia mgongoni. Picha za watu wa heshima zinakionyesha kikiwa nyuma ya shingo, na wengi hudhani ni pambo tu.

Ziko weseki za maua halisi pia. Mwaka 1907 kulifukuliwa shimo katika Bonde la Wafalme lenye mabaki ya maziko ya Tutankhamun, miaka 15 kabla kaburi lake halijapatikana. Ndani ya mitungi mikubwa mlikuwa na mapambo ya shingo ya majani, maua na matunda madogo, yaliyoshonewa juu ya karatasi ya mafunjo pamoja na shanga za fayansi za buluu. Matatu yako New York, katika jumba la makumbusho la Metropolitan. Maua yamekuwa rangi ya tumbaku. Shanga zingali buluu vilevile.

Ni kweli wanawake walivaa gauni la shanga tupu?

Gauni lenyewe ni wavu wa shanga, na lilivaliwa juu ya nguo ya kitani au limeshonewa kwake. La zamani kabisa tulilo nalo lilipatikana Giza mwaka 1927, katika kaburi la mwanamke wa zama za mfalme Khufu, yule wa piramidi kubwa. Uzi ulikuwa umekwisha kuoza, lakini baadhi ya shanga zilikuwa bado juu ya mwili na pembeni yake kwa mpangilio wake wa awali. Kutokana na hizo chache, gauni zima la shanga 7,000 hivi lilitungwa upya, nalo liko Boston.

Lingine lilipatikana Qau na sasa liko London, katika Petrie Museum. Upindo wake una kombe ndogo 127 za baharini, na ndani ya kombe mmetiwa vijiwe. Mvaaji alipotembea, gauni liliimba.

Wamisri wenyewe walilihadithia vazi la namna hii. Katika hadithi moja ya kale, mfalme Snefru anaona uchovu, anashauriwa apande mashua inayopigwa makasia na wasichana 20 waliovaa nyavu. Raha inakatika pale kidani cha mmoja wao, samaki wa feruzi, kinapoanguka majini. Mfalme anaahidi kumpa kingine. Msichana anakataa: anataka kilekile chake. Inabidi aitwe mganga, naye anayakunja maji ya ziwa nusu juu ya nusu, anakiokota samaki juu ya kigae. Samaki wa namna hiyo, waliofungwa kwenye ncha ya msuko wa nywele, wamekutwa kweli katika makaburi ya wasichana.

Walivaa shanga za kiunoni?

Ndiyo, na hapa ndipo wanawake wa pwani hutabasamu. Wasichana wanaocheza na kuhudumu karamuni katika michoro ya Ufalme Mpya, enzi iliyoanza karibu mwaka 1550 KK, mara nyingi hawana vazi lingine zaidi ya ushanga wa nyonga. Vinyago vya wanawake vya fayansi ya buluu navyo vimechorwa mikanda ya kauri, zile kombe za baharini, viunoni.

Mzuri kuliko yote ni wa Sithathoryunet, binti wa mfalme Senusret II, aliyeishi karibu mwaka 1850 KK. Ni kauri kubwa za dhahabu, zenye uwazi ndani, na katika kila moja mna vipande vidogo vya metali. Binti mfalme alipopiga hatua, kiuno kililia taratibu. Anayejua utunda, na anayejua kwa nini mwanamke hupenda usikike na mtu mmoja tu, hatahitaji maelezo yangu.

Basi utunda wetu umetoka Misri? Na weseki ndiyo mama wa shanga za Wamasai?

Hapana. Watu huuliza hili kwa nia njema, wakitaka kutupa ukoo wa kifalme, lakini hatuhitaji kuazima. Katika pango la Enkapune Ya Muto, Kenya, kumepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni za karibu miaka 40,000 iliyopita. Farao wa kwanza ni wa juzi ukilinganisha. Kuhusu mapambo mapana ya shingo ya Wamasai, shanga zake za kioo zililetwa na biashara ya karne ya 19 kutoka Ulaya, na mpangilio wa rangi ni ubunifu wao wenyewe. Shingo za binadamu zinafanana, mabega yanafanana, na duara pana linakaa vizuri juu yake popote.

Wanaume nao walijipamba?

Sana. Bangili, pete, weseki, wanja, manukato, wigi, vyote vilikuwa vya wote. Katika Ufalme Mpya mfalme alimtuza afisa au askari hodari kwa "dhahabu ya heshima": nyuzi za shanga za dhahabu zenye umbo la dengu, zimebanana kabisa, zikivishwa shingoni mbele ya watu. Askari walitunukiwa pia nzi wa dhahabu, kwa kuwa nzi hafukuziki. Watatu wakubwa wa namna hiyo walikutwa mwaka 1859 na malkia Ahhotep. Hereni ndizo zilizochelewa: zilienea kuelekea mwanzo wa Ufalme Mpya, karibu mwaka 1550 KK, na barakoa ya Tutankhamun ina masikio yaliyotogwa.

Rangi na maumbo yalimaanisha nini?

Kijani kilikuwa rangi ya mmea mbichi, kwa hiyo uhai na kufufuka. Buluu ilikuwa mbingu na maji. Nyekundu ilikuwa damu, nguvu, na hatari pia. Dhahabu waliihesabu kuwa nyama ya miungu, fedha ikawa mifupa yao, na lapisi lazuli nywele zao.

Pambo na hirizi havikutengana. Jicho la mungu Horus lilikuwa kinga na afya. Dundu anayeviringisha mavi alikuwa jua linalozaliwa upya kila alfajiri. Fundo la mungu wa kike Isis lilipaswa kuwa la yaspi nyekundu, na maneno ya mazishi yenyewe yanaitaja damu ya Isis. Kuanzia karibu mwaka 700 KK, maiti waliokaushwa walifunikwa wavu wa shanga ndefu za fayansi mwili mzima, na dundu mwenye mbawa kifuani.

Wanja wao ulikuwaje? Naweza kuutengeneza?

Zamani zaidi walipaka wa kijani, wa malakaiti, ambayo ni madini ya shaba. Mweusi wa galena, ambayo ni madini ya risasi, ukaja kushinda. Waliusaga juu ya vibao vya jiwe, na hata kile kibao mashuhuri cha mfalme Narmer, cha karibu mwaka 3100 KK, kina duara katikati lilipo mahali pa kusagia.

Mwaka 2010 wanakemia wa Ufaransa waliochunguza mabaki ya wanja katika vyombo vya jumba la makumbusho la Louvre walieleza kwamba baadhi ya chumvi za risasi zilizomo zilitengenezwa kwa makusudi, na kwamba kwa kiasi kidogo sana zinaweza kuamsha kinga ya jicho. Tangu hapo nimesikia watu wakisema wanja wa risasi ni dawa. Tafadhali, msiupake. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama mwilini, na kwa mtoto mdogo madhara yake katika ubongo hayafutiki. Bado kuna wanja unaouzwa wenye galena. Kama muuzaji hawezi kukuambia umetengenezwa kwa nini, usimpake mtoto. Wanja wa masizi unatosha kabisa kwa uzuri.

Je, walichanjwa chale au tatuu?

Tatuu, yaani ngozi kuchomwa na kutiwa masizi. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mwanamume wa Gebelein, ambaye amelala British Museum kwa zaidi ya miaka mia moja, ana fahali mwitu na kondoo wa milimani mkononi. Kwa macho lilionekana doa tu. Kamera ya miale ya infraredi ndiyo iliyotoa wanyama. Aliishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita. Mwanamke wa mahali hapohapo ana alama kama herufi S begani. Na huko Deir el-Medina kuna kiwiliwili cha mwanamke chenye michoro zaidi ya 30: macho ya kinga shingoni, mayungiyungi nyongani, ng'ombe wa Hathor mikononi. Popote ungesimama kumtazama, jicho moja lilikuwa linakutazama wewe.

Vile vitu kama koni wanavyochorwa navyo kichwani ni nini?

Kwa muda mrefu vilidhaniwa ni ishara tu ya mchoraji. Mwaka 2019 ilitangazwa kwamba koni mbili halisi zimepatikana Amarna juu ya vichwa vya watu waliozikwa, nazo ni za nta.

Mafuta ya kujipaka nayo hayakuwa anasa. Mafundi wa makaburi ya wafalme walipogoma katika mwaka wa 29 wa Ramesses III, malalamiko yao yalikuwa njaa, kiu, nguo, samaki, mboga, na mafuta ya kujipaka. Mafuta yaliorodheshwa pamoja na chakula.

Ubani na manemane ya kuyanukiza yalitoka Punt, upande wa kusini mwa Bahari ya Shamu. Safari ya malkia Hatshepsut imechongwa ukutani Deir el-Bahari: miti ya ubani inabebwa na mizizi yake ndani ya vikapu, na Parehu, mkuu wa Punt, amesimama na pete nyingi mguuni.

Kama uzi umeoza, wanaakiolojia wanajuaje shanga zilivyopangwa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Nilipokuwa mdogo utunda wa bibi yangu ulikatika sakafuni, sakafu ya saruji, shanga zikakimbia hadi chini ya kabati. Tuliziokota zote kwa ungo. Rangi zilikuwepo, idadi ilikuwepo, lakini tulipomwuliza zilikuwa zikifuatana vipi alifumba macho, akapapasa hewa kwa vidole kana kwamba utunda bado upo, ndipo akatuambia. Shanga zote mkononi, na utunda wenyewe haupo.

Mfukuaji hana bibi wa kumwuliza. Ana kitu kimoja tu: mahali kila ushanga ulipoangukia. Akiuinua kabla ya kuuchora na kuupiga picha, amekata uzi kwa mara ya pili. Howard Carter aliyeyusha nta juu ya kazi za shanga katika kaburi la Tutankhamun ili zishikamane kabla hazijaguswa. Guy Brunton, aliyeikuta hazina ya Sithathoryunet huko Lahun mwaka 1914, alikaa ndani ya kaburi siku kadhaa akichokoa tope kwa kisu kidogo, kwa kuwa masanduku yalikuwa yameoza na shanga zimelala matopeni. Kwa subira hiyo tunaweza leo kuutazama ule mkanda wa kauri, pamoja na pambo la kifuani lenye vipande 372 vya mawe.

Upande wa pili kuna mkono wa maiti wa Abydos. Mwaka 1901 wafanyakazi wa Petrie waliukuta katika kaburi la mfalme Djer, wa karibu mwaka 3000 KK, umefungwa kitani na kusokomezwa katika ufa wa ukuta, pengine na mwizi wa zamani ambaye hakurudi. Chini ya kitani mlikuwa na bangili nne za dhahabu, feruzi, lapisi lazuli na amethisto, kila ushanga mahali pake. Petrie alirekodi mpangilio wake, na bangili zikapelekwa Kairo. Huko mhifadhi alizitunza bangili, akautupa mkono na kitani chake. Mkono ule ulikuwa wa nani, mfalme au malkia? Sasa hapana wa kuulizwa. Nikiifikiria habari hii bado nasikia uchungu.

Mtandaoni wanauza "shanga za mumia". Ninunue?

Usinunue. Zile bomba ndogo za buluu zilitoka juu ya mumia, yaani maiti waliokaushwa. Wavu ulichanwa, shanga zikatungwa ovyo kuwa mikufu ya watalii. Sheria namba 117 ya Misri ya mwaka 1983 ilipiga marufuku biashara ya vitu vya kale, na anayenunua ndiye anayemlipa mchimbaji wa usiku. Mnamo Septemba 2025 serikali ya Misri ilitangaza kwamba bangili ya dhahabu ya mfalme Amenemope, yenye ushanga wa lapisi lazuli, imeibwa kwenye chumba cha ukarabati cha jumba la makumbusho mjini Kairo, ikauzwa na kuyeyushwa. Ilikuwa na miaka 3,000 hivi. Bei iliyopatikana ilikuwa ya dhahabu tu.

(Neno mumia, kwa anayetaka kujua, ni asili moja na mumiani yetu. Zamani lilikuwa jina la lami nyeusi iliyouzwa kama dawa, kabla halijageuka hadithi ya kutisha watoto.)

Nataka kutunga weseki nyumbani. Nianzie wapi?

Anza na safu ya juu, iliyo karibu na shingo. Pima shingo yako na uongeze upana wa vidole viwili. Tumia shanga za bomba za kioo zenye urefu sawa, na uzi wa kitani uliopakwa nta ya nyuki. Uzi wa nailoni unateleza na mafundo yake yanafunguka.

Kosa la karibu kila anayeanza ni kufanya safu zote ziwe na urefu mmoja. Duara likipanuka, mzunguko wake unakua. Kama bomba zako zina sentimita 1, kila safu iizidi ya juu yake kwa sentimita 6 hivi ikiwa weseki inazunguka shingo nzima, ama sivyo itasimama kama bakuli badala ya kulala mabegani. Nafasi inayoongezeka ijaze kwa shanga ndogo za mviringo kati ya bomba na bomba.

Ukimaliza, ivae, uiname kama unayefagia. Ikikuangukia usoni, kipande cha mgongoni ni chepesi. Kiongezee uzito kidogo kidogo, ukiinama tena kila mara, mpaka itulie.